Kitanda Kisichopita Mlangoni

Mume wangu ni seremala, ndiyo maana nyumba yetu haina viti. Wahenga walisema mganga hajigangi, na mimi nimeishi na mganga huyo. Si kwamba hatutengenezei. Anatengeneza, tena vizuri, kisha anapita mteja, anakiona kiti, anakisifu, na mwenzangu hawezi kumnyima mtu aliyesifu kazi yake. Kuna siku aliuza meza tukiwa tunakula. Mimi niliinua sufuria, watoto wakainua sahani, meza ikatoka, tukamalizia chakula tumesimama.

Kitu kimoja tu hakikuuzwa: kitanda chetu. Alikitengeneza mle mle chumbani tulipooana, mbao nzito, viungo vya gundi bila msumari hata mmoja. Kilipokamilika kikawa kipana kuliko mlango. Mtaa mzima ulicheka. Seremala gani asiyepima mlango? Hata mama mkwe, ambaye kwake mwanawe hana kasoro, alinong'ona kwamba haraka haraka haina baraka. Nami kila tulipogombana, mlango ule niliutaja.

Basi kodi ikaanza kupanda. Mwenye nyumba aliipandisha kila alipotukumbuka, na alikuwa na kumbukumbu nzuri. Tulikuwa na vyumba viwili, watoto wanne, na mbao zilizolala nasi ndani kama ndugu wa mbali waliokuja kusalimia wakanogewa. Kaka yangu, aliyehamia mkoa wa juu kwenye baridi, akapiga simu: jirani yake anapangisha nyumba ya vyumba vitatu na ua, kodi nusu ya yetu. Niliitaka nyumba ile kabla sijaiona. Nilitaka ua wa kuanikia nguo zangu peke yangu. Nilitaka nikohoe bila jirani kuniambia pole kutoka upande wa pili wa ukuta.

Mwenzangu hakusema ndiyo wala hapana. Alisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Alisema wateja wake wote wako hapa. Nikamjibu kwamba wateja wake ndio wanaotukalisha chini. Tukavutana hivyo muda mrefu, mpaka nikamwambia twende tukaone tu, kuona si kuhama.

Tukaenda. Kaka alitutembeza, mimi nikawa nagusa kuta kama mtu anayechagua kitambaa. Mume wangu hakutazama ua wala jiko. Alitoa tepu yake akapima mlango wa chumba cha kulala. Akaupima tena. Kaka akanivuta pembeni kuniuliza kama shemeji yake ni mzima. Nikamwambia mwache, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tukiwa njiani kurudi, mwenzangu akasema tuhame. Nilifurahi hata sikumuuliza kilichomgeuza.

Siku ya kuhama lori lilipakiwa upesi, maana meza na viti vilikuwa nyumbani kwa watu wengine. Kisha wapakiaji wakaingia chumbani. Wakakilaza kitanda ubavu, wakakisimamisha, wakakigeuza miguu juu. Wapi. Mkubwa wao akauliza ni fundi gani aliyefanya kazi hii, akaonyeshwa, akacheka mpaka akaketi sakafuni. Alipopata pumzi akasema kikatwe au kiachwe, yeye hana la tatu.

Mume wangu alishika msumeno, akauweka juu ya ubao, mkono ukakataa. Nje dereva alikuwa anapiga honi na kutishia kupakua. Niliiona nyumba yangu inaponyoka, ua na kila kitu, kwa sababu ya mbao. Hasira zikanipanda.

"Ungepima mlango siku ile," nikamwambia mbele ya watu wote, "saa hizi tungekuwa njiani."

"Niliupima," akasema.

Nikadhani ni ubishi wake wa kawaida. Lakini hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anautazama ubao.

"Niliupima kabla sijakata chochote. Najijua, mama watoto. Kingepita mlangoni, ningekiuza."

Miaka yote nimelala juu ya kitu nilichokicheka. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi la mbao ingawa msumeno ulikuwa bado haujakata kitu. Kisha nikaenda upande wa pili wa kitanda, nikakishika kisicheze.

"Kata," nikamwambia. "Utakiunga hukohuko."

Akakata polepole, kwa adabu, kama anayeomba radhi. Vipande vikapita mlangoni kimoja kimoja, na mkubwa wa wapakiaji akavibeba mwenyewe bila kucheka. Ndipo nikaikumbuka ile tepu.

"Na mlango wa kule?" nikamuuliza.

"Ule ni mpana kuliko huu," akasema, akipangusa msumeno. "Itabidi nikiongeze upana."