Miguu ya Nyuma ya Mbwa Wangu

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja, najiuliza ile mara ya kwanza alitaka nini akakosa. Mwanangu aliyeko mjini Singida huniambia, mama, utakufa ukiwa huna hata mtu mmoja unayemwamini. Namjibu kwamba mbuzi wangu wako kumi na sita mpaka leo, wa kwake wako wapi?

Nakaa peke yangu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Nduguti, tangu baba watoto alipofariki. Peke yangu maana yake mimi, mbuzi, kuku na mbwa. Fisi wanapita kwetu watakavyo, na siku hizi kuna fisi wengine wa pikipiki, wanaotia mbuzi wawili ndani ya viroba na kufika barabara kuu kabla hujapata ndala zako. Mwaka ninaousimulia, nyumba tatu za kijijini kwetu zilikuwa zimeibiwa, na katika nyumba zote tatu mbwa hawakubweka. Hilo ndilo lililonikaa kichwani. Mbwa asiyebweka amemwona mtu anayemjua.

Kwetu mbwa wa boma hulishwa na mkono mmoja. Ndivyo baba yangu alivyotufundisha. Mtu mmoja tu ndiye anayemlisha, huyo huyo ndiye anayemgusa, na mgeni haruhusiwi hata kumrushia mfupa. Watoto wakimchezea wanachapwa. Mbwa anayeshikwashikwa na kila mtu, baba alikuwa akisema, huyo ni paka mkubwa. Basi mbwa wangu aliujua mkono wangu peke yake, na wengine wote aliwahesabu kuwa wezi, hata mwanangu, hata mchungaji wa kanisa. Nilimpenda kwa hilo.

Mtama ulipokuwa umefika magotini, mimi na mbwa tukirudisha mbuzi jioni, bodaboda ilimgonga mbwa. Haikusimama. Nilimbeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto, naye ni mbwa mzito, na nyumbani nilipomweka chini akatambaa kwa miguu ya mbele huku ile ya nyuma ikiburuzika vumbini. Bwana mifugo akaja, akambonyeza huku na huku nikiwa nimemfunga mdomo kwa kamba, akasema mfupa haukuvunjika, ila mgongo umepata mshtuko. Ama atainuka ama hatainuka. Akamdunga sindano akaondoka zake.

Mwanangu akapiga simu. Habari mbaya huwa zinafika mjini kabla ya basi. Akasema basi, mama, hapo ndipo mwisho, bila mbwa huwezi kukaa huko, uza mbuzi uje ukae kwangu, chumba cha uani kipo. Chumba hicho ninakijua. Dirisha lake linatazama choo cha wapangaji. Nililia kwa hasira, nikamwomba anisubiri mpaka mavuno ya mtama. Akakubali: mbwa akisimama kabla ya mavuno, nabaki kwangu; asiposimama, anakuja na gari la kubebea mbuzi. Kuanzia siku hiyo nyumba yangu ikawa inategemea miguu miwili ya mbwa.

Jirani yangu, mama wa rika langu ambaye tumezeeka pamoja, akanishauri nimchome mbwa kwa chuma cha moto kiunoni, kama watu wanavyowafanyia punda wanaochechemea. Nikaweka chuma motoni. Kilikuwa kimeanza kuwa chekundu alipotokea mkwe wake, binti aliyeolewa na kijana wao na kuletwa kutoka Arusha mwaka uliopita. Akasimama nje ya ua wa miiba, akapiga magoti kidogo.

"Shikamoo mama. Mama mkwe kaniambia. Nakuomba usimchome."

Nikamwitikia marahaba na kumuuliza yeye ni daktari wa mbwa tangu lini. Akaeleza kwamba huko Arusha alifanya kazi miaka mingi kwenye mazizi ya farasi wanaopandwa na watalii. Farasi akiteguka au mbwa wa pale akiumia, kazi yake ilikuwa kuwakanda, kuwanyoosha viungo na kuwatembeza kidogo kidogo mpaka warudi sawa. Nilicheka. Farasi mimi nimemwona kwenye picha tu, lakini punda tunao, na punda akiumia anapumzika au anakufa, hafanyi mazoezi. Nikamwambia anionyeshe cheti.

"Cheti sina, mama. Nina mikono."

Halafu akaanza maswali. Mbwa anakula saa ngapi? Nani anamlisha? Analala wapi? Akisikia kitu anakimbilia upande gani wa boma? Anaogopa nini? Ebo! Kama mimi ningekuwa mwizi, ningeuliza yapi mengine? Nikamjibu yote kwa uongo. Nikasema analala mlangoni, wakati analala nyuma ya zizi, karibu na ghala. Nikasema haogopi kitu, wakati anaogopa mwavuli. Alipoondoka nikakumbuka kwamba mumewe ana pikipiki, na kwamba hakuna aliyeweza kuniambia pikipiki iliyomgonga mbwa wangu ilikuwa rangi gani. Kesho yake nilikwenda kwa jirani kuazima chungio nisilolihitaji, nikaikagua ile pikipiki kuanzia taa mpaka tairi. Haikuwa na mkwaruzo. Nikajiambia itakuwa wameipeleka kwa fundi.

Lakini ile miguu ilikuwa bado imelala, na mtama hausubiri. Nikamwita yule binti. Nikampa sharti moja: mbwa wangu haguswi. Atamtazama kwa mbali, anieleze, nami nitafanya. Akafikiri kidogo, akasema kwa maneno matupu nitamuumiza, maana lazima nijue uzito wa mkono. Basi akaniambia nikae kwenye kigoda, akanyoosha mguu wangu wa kushoto juu ya kiroba, ule wenye goti bovu, akaanza kuufanyia mguu wangu yale aliyotaka niufanyie mguu wa mbwa.

Ndivyo tulivyoishi zaidi ya miezi miwili. Kila asubuhi, jua likishatoka, mtu mzima nimekaa nje mguu hewani kama mtoto anayetolewa funza, na mkwe wa jirani ananikunja goti polepole, ananyoosha, anahesabu mpaka kumi, anarudisha. Ananikanda paja kwa mafuta ya alizeti, kutoka chini kwenda juu. Ananibana kati ya vidole nishtuke. Akimaliza naingia ndani ya ua, nachuchumaa kwa mbwa na kurudia yale yale, na yeye ananisahihisha kutoka kwenye miiba: mama, polepole, shika chini ya goti, usivute kama unang'oa muhogo. Wapita njia waliona kichekesho. Mmoja akauliza tunamkanda nani hasa, mbwa au mwenye mbwa. Jirani yangu akasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Tukanuniana siku mbili.

Nitasema ukweli kwa sababu hapa nimekusudia kuusema. Goti langu lilipona. Nilikuwa nashuka kisimani bila fimbo, na nilimficha yule binti. Alipouliza goti linaendeleaje nilimwambia liko vile vile tu. Mtu ukimwonyesha kwamba amekufaa, anapata mlango wa kuingilia, ndivyo nilivyofikiri.

Naye alikuwa na macho. Siku moja akaniambia mbwa ana makapi ya mtama kwenye ubavu wa kushoto tu, maana yake analala upande mmoja, atatoka vidonda. Mlangoni kwangu hakuna makapi ya mtama. Alinitazama, nikamtazama. Hakusema kwamba nimemdanganya. Alisema tu huko anakolala, popote pale, niweke majani makavu na nimgeuze kila nikipita. Nikafanya hivyo, lakini usiku nikalibadilisha kufuli la zizi.

Alikuwa pia na simu, na kila baada ya siku chache alimpiga mbwa picha za video ili, alivyosema, aone kama mgongo unanyooka. Nilisimama nyuma yake nione anapiga nini. Mbwa alikuwepo, ndiyo, lakini nyuma ya mbwa lilionekana zizi, na nyuma ya zizi njia ya kwenda barabarani. Nikatundika mablanketi mbele ya zizi lisionekane.

Mkia ndio ulioanza. Asubuhi moja nilimbana kati ya vidole vya nyuma, mkia ukapiga chini mara moja. Nikadhani ni nzi. Nikambana tena, ukapiga. Nikaketi mavumbini nikacheka peke yangu, na binti yule akacheka kule nje. Kwa kitambo kidogo nilisahau kumchunga. Baada ya hapo akanifundisha kupitisha kitenge chini ya tumbo la mbwa, nishike ncha zote mbili na kumwinua kiuno mpaka nyayo ziguse chini, kwenye mchanga laini tuliouchota mtoni. Dakika chache tu, kisha apumzike. Kila siku kitenge kilipungua uzito mikononi mwangu. Mbwa alikuwa anaubeba mwili wake mwenyewe.

Na kila alipomwona binti alinguruma. Mimi nilifurahi. Nilijisemea, mgongo umeumia lakini kichwa kizima.

Mtama ulipoanza kuinamisha vichwa, siku moja binti alikataa kukaa chini tuanze. Alibaki amesimama, akaniamkia tena kana kwamba ndiyo kwanza amefika.

"Mama, huyu akipata miguu, na meno yake yatapata miguu. Niache anizoee sasa, akiwa bado chini. Anuse mkono wangu tu. Nimpe hata tonge moja la ugali."

Hicho ndicho nilichokuwa nakingoja. Miezi miwili yote ya kunikunja goti ilikuwa inaelekea hapa, kwenye tonge. Nikamuuliza kwa nini anataka mbwa wangu amzoee. Akasema huko walikokuwa wanafanya kazi, hiyo ndiyo hatua ya kwanza, mnyama akujue kwanza ndipo umtibu, na hapa tumeanzia mwisho. Nikamwambia hapa ni kwangu. Hakubishana. Aliinua mabega, akasema sawa mama, akakaa, akauchukua mguu wangu.

Zilipita siku nne au tano. Asubuhi hiyo alikuja na khanga mpya, na nilimruhusu aingie ndani ya ua, hatua tatu kutoka kwa mbwa, kwa sababu kutoka nje alisema haoni visigino. Mbwa hakuwa na kamba. Nani amfunge mbwa asiyeweza kusimama? Nikapitisha kitenge, nikainua. Binti akachuchumaa mbele yetu, akanyoosha mkono wenye simu ili achukue video.

"Legeza," akasema. "Taratibu. Legeza kabisa."

Nikalegeza. Kitenge kikaanguka na mbwa akabaki amesimama. Alitetemeka, akapanua miguu ya nyuma, akapiga hatua moja, ya pili. Nilikuwa nalia, sijui nilianza saa ngapi. Nikawaza nitampigia mwanangu, nitamwambia gari la mbuzi alipakie mavi yake mwenyewe. Kisha mbwa akainua kichwa. Akamwona mtu ndani ya ua, mtu wa kila asubuhi, ambaye nilihakikisha kwa miezi miwili kwamba hatamjua. Akaruka.

Aliudaka mkono, ule wa kulia. Nilimvuta kwa ngozi ya shingo, nilimpiga, nilimpigia kelele mpaka akaachia, na muda wote huo nilikuwa nasikia kitu kikikwaruza, nikadhani ni simu, kumbe ni mfupa. Binti hakupiga ukelele. Aliketi pale pale ameukumbatia mkono tumboni, khanga mpya inalowa, uso umekuwa wa kijivu, na macho yake yalikuwa kwenye kiuno cha mbwa.

"Umeona, mama? Amesukuma kwa miguu yote miwili."

Nikamwambia anyamaze. Nikauzungushia mkono wake kile kitenge cha mazoezi nikakikaza. Mumewe akatupakia wote wawili kwenye ile pikipiki yake, mimi nyuma nimemshika mkewe kiunoni.

Zahanati walimsafisha kwa maji na sabuni kwa muda mrefu sana. Nesi alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye haraka, anaandika huku anauliza. Mbwa ana chanjo? Anayo, kadi nimekuja nayo. Mbwa ni wa nani? Ni wangu. Akaelekeza kalamu kwa binti, akauliza kama mbwa huwa anamfahamu huyu au ni mgeni aliyeingia tu nyumbani kwa watu.

Vidole viwili vya mwisho vya binti vilikuwa vimebaki vimenyooka, nesi amemwambia avikunje navyo havikunjiki, na alikuwa anavitazama vile alivyokuwa akitazama visigino vya mbwa wangu. Nikajua jibu ni langu. Nilitamani kusema ndiyo, anamfahamu, ni bahati mbaya tu.

"Hamfahamu," nikasema.

"Alifika kwako lini?"

"Anakuja kila siku. Tangu mtama uko magotini."

Nesi akaacha kuandika, akaniangalia.