Mlizamu wa Bi Kheiria na Alama za Sleyum

Bi Nasriya binti Marhoon hakutia mguu skuli hata siku moja, na hakuwahi kuona haya kwa hilo. Msahafu aliukhitimu, barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu akiisoma kwa kidole, polepole, na tarakimu za Kizungu alizijua zote. Kwao Unguja alikuwa akisimamia mizani ya karafuu, na hakuna mpimaji aliyemdanganya mara mbili. Elimu hiyo ilimtosha. Waliozidi hapo, kwa maoni yake, wengi walikuwa wakijitafutia kazi ya kukaa kitako.

Ndiyo maana alizijua alama za Sleyum kabla Sleyum mwenyewe hajapata akili ya kuzificha.

Sleyum alikuwa mtoto wa kaka yake, na yeye ndiye aliyemlea. Walifika Maskati pamoja mwaka wa sitini na nne, na masanduku mawili na cherehani, wakapata nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Darsait. Unguja kijana alikuwa karani wa mahakama. Kazi yake ilikuwa kuita majina mlangoni na kufunga majalada kwa uzi, lakini kusimama karibu na mawakili kulimtia maradhi ya kutaka kuwa mmoja wao. Maskati alipata ukarani wa stoo ya kampuni moja. Mchana kutwa alihesabu misumari na mabomba, akirudi nyumbani ananuka grisi, kanzu ina alama za kutu, lakini akisema "kwa mujibu wa" hata anapoomba chumvi.

Mwaka wa sitini na nane akajiandikisha kwa posta na chuo kimoja cha sheria cha ng'ambo. Mambo yake yalikuwa hivi: chuo kikimletea karatasi za mazoezi, yeye anajibu, anazirudisha, na baada ya wiki sita au saba zinarejea zimesahihishwa kwa wino mwekundu. Mtihani wenyewe wa kuingilia chuo ungefanywa Bahrain, mwezi wa Novemba mwaka wa sabini. Ukipata sitini umeingia. Na chuo hakimtahini mtu aliyekwisha timiza miaka thelathini, na Sleyum angeitimiza Disemba. Kwa hiyo hapakuwa na mara ya pili. Ama apate sitini siku hiyo, ama azeeke na misumari.

Karatasi ya mwanzo alipata thelathini na nane. Ya pili arubaini na tano. Ya tatu hamsini, Bi Nasriya akapika pilau. Ya nne hamsini na mbili. Ya tano hamsini na moja. Ya sita hamsini na mbili. Ya saba hamsini na mbili. Ya nane hamsini na moja, na pilau haikupikwa tena.

"Hawa Wazungu hawana tarakimu nyingine?" aliuliza Bi Nasriya.

Hapo akaingia Thabit. Thabit alikuwa rafiki wa Sleyum, naye aliwahi kuufanya mtihani kama huo mara tatu na kuanguka mara tatu, kwa hiyo watu walimtambua kuwa ni mjuzi wa mitihani. Angefaulu mara ya kwanza asingekuwa na uzoefu wote ule. Alikaa mkekani, akanywa kahawa vikombe vitano, akatoa uchunguzi wake.

"Yakhe, ubongo wako umekauka. Kula lozi saba kila alfajiri, usizidishe. Na usome umeelekea Bahrain, ndiko mtihani uliko. Halafu vitabu hivi vyembamba. Nna rafiki yangu Bombay ataleta vinene."

Sleyum akala lozi. Akasoma ameelekea Bahrain, mpaka shingo ikampinda, maana dirisha lilikuwa upande mwengine. Vitabu vinene vikaja, vikapangwa ukutani mpaka mwenye nyumba akauliza kama wanafungua duka. Karatasi ya tisa ikarudi: hamsini na mbili.

"Afadhali," alisema Thabit. "Haikushuka."

Sasa lazima mtu ajue kwamba Bi Nasriya naye alikuwa na kesi. Jirani yake, Bi Kheiria, alikuwa na mlizamu darini kwake, mfereji mdogo wa kumwaga maji ya mvua, na mlizamu ule ulielekea uani kwa Bi Nasriya, juu ya kibanda cha jiko. Mvua ikinyesha, maji yalimwagika yote juu ya mafiga. Ni kweli kwamba tangu waingie nyumba ile mvua ya maana ilinyesha mara mbili tu. Lakini Bi Nasriya hakuwa mtu wa kuhesabu mvua. Ilikuwa miaka mitatu hajampa Bi Kheiria salamu, na kila alipopita mlangoni kwake alikohoa kidogo ili ijulikane kwamba amepita na hakusalimu. Wazee walikuja kusuluhisha mara nne. Mara zote nne aliwapa kahawa na haluwa, akawasikiliza kwa adabu, akawasindikiza mpaka mlangoni, na hakubadilisha kitu.

Asubuhi moja ya Ijumaa alikuwa amekaa na ungo, anachagua mchele. Sleyum alikuwa amefungua bahasha ya karatasi ya kumi. Alitazama alama juu, akafumba macho, akaikunja karatasi na kuitia sandukuni pamoja na zile tisa. Kisha akafungua kitabu kipya.

"Ngapi?"

"Hamsini na mbili, shangazi."

"Na wino wote ule mwekundu, kasema nini?"

"Ananitukana tu. Sisomi."

Bi Nasriya aliuweka ungo chini. "Huyasomi?"

"Yananivunja moyo. Thabit kasema mtu asitazame nyuma."

"Thabit! Mie nikichagua mchele nikaona jiwe, nafumba macho nikafungue gunia jengine? Lete sanduku hapa."

"Shangazi, ni Kiingereza."

"Na wewe ndo mwenye Kiingereza. Soma, unifasirie. Anza na ya chini kabisa."

Swali la kwanza lilihusu mtu aitwaye Smith aliyemuuzia mwenziwe Brown ng'ombe, akasema ana maziwa, kumbe hana. Sleyum alisoma alivyojibu. Kwanza alisifu tabia ya uaminifu ukurasa mzima. Kisha akaandika kwamba Smith ana haki kwa upande mmoja, na Brown ana haki kwa upande mwengine, na kwamba inafaa wazee wa mtaa wawakutanishe, wanywe kahawa, Smith aombe radhi, na Brown amsamehe kwa ajili ya ujirani.

"Na mwekundu?"

Sleyum aliisogeza karatasi karibu na macho. "Kaandika: nani ana haki?"

Wakafungua nyengine. Meli imegonga gati. Sleyum alikuwa amewapatanisha nahodha na mwenye gati, wakaishia kula pamoja. Mwekundu: nani ana haki? Mbwa kamuuma mtu wa posta. Sleyum alimtaka mwenye mbwa apeleke sinia la chakula kwa mgonjwa. Mwekundu: sinia si jibu, nani ana haki? Karatasi kumi, na mwalimu aliyekuwa mbali huko, wiki saba kwa posta, amekuwa akipiga kelele ile ile kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya kiziwi.

Bi Nasriya alicheka mpaka ukaya ukamwanguka kichwani.

"Baba yako mtupu! Baraza lake zima kazi yake ilikuwa kupatanisha. Watu wakija na visu wanaondoka na haluwa, na mpaka leo hakuna ajuaye shamba lile lilikuwa la nani. Kwani huyu Simisi ana wazee wa mtaa?"

"Lakini shangazi, kumwambia mtu mbele ya watu, wewe umekosa..." Sleyum alifuta jasho. "Si ustaarabu."

"Ukitaka ustaarabu kaa stoo. Misumari haigombani."

Karatasi ya kumi na moja akaijibu kwa hamaki. Smith kashinda, Brown kashindwa, basi, mistari minne kila swali. Ilirudi na arubaini na nne.

Thabit alikuja kutoa pole kabla hajaitwa. "Unaona? Mambo ya jikoni hayaendi na sheria. Rudi kwenye lozi."

Sleyum alikaa na karatasi mapajani, uso umemshuka kama kanzu isiyopigwa pasi. Miaka miwili, na sasa anarudi nyuma. Lakini safari hii hakuikunja.

"Anasema: kwa nini?" alisema taratibu. "Kila pahala. Nani ana haki, nimemwambia. Sasa anataka kwa nini."

"Ana maswali mengi, lakini hana ubaya," alisema Bi Nasriya. "Mwalimu mwengine angekuwa keshachoka. Mpe hiyo kwa nini."

Ndipo vitabu vinene vikapata kazi. Sleyum akawa anaandika jina la mshindi kwanza, juu kabisa, kisha anatafuta sababu. Kila jioni baada ya alasiri Bi Nasriya alimsikiliza, na kijana akitua penye kigugumizi cha ustaarabu, "ingawa kwa upande mwengine," shangazi anapiga ungo kwa kiganja. Ya kumi na mbili ikaja hamsini na nane. Ya kumi na tatu, sitini na moja. Huko nje mambo ya nchi yakageuka, ruhusa ya kusafiri ikaanza kupatikana, na wiki moja kabla ya kuondoka kwenda Bahrain ikabakia karatasi moja tu, ambayo haikutoka chuoni.

"Nna swali langu," alisema Bi Nasriya, anajitazama kucha. "Zeidi ana nyumba. Amri ana nyumba ubavuni. Dari ya Zeidi ina mlizamu, unamwaga maji juu ya jiko la Amri, mwanamke, yaani mtu, mtaratibu, hana makuu. Nani ana haki?"

Sleyum alimtazama shangazi yake. Akautazama ukuta. Juu ya ukuta mlizamu wa Bi Kheiria ulikuwa umekaa pale, mkavu kama mfupa.

"Kipi kilitangulia, shangazi? Mlizamu au jiko?"

"Hilo halimo katika swali."

"Limo. Ndilo swali lenyewe."

Bi Nasriya alizitazama tena kucha zake, zote kumi. "Mlizamu," alisema mwishowe. "Lakini kwa mwaka mmoja tu!"

Jasho lilimtoka Sleyum pande zote mbili za shingo. Angeweza kusema habari za kahawa. Angeweza kusema ujirani. Mwanamke huyu alimvusha bahari. Lakini akakaa wima, kama walivyokaa mahakimu aliowaitia majina mlangoni.

"Zeidi ana haki," alisema. "Kwa sababu mlizamu ulikuwepo, na Amri aliuona, na akajenga jiko chini yake kwa khiyari yake. Hawezi kulalamikia maji aliyoyafuata mwenyewe. Amri ahamishe jiko."

Nyuma ya ukuta, upande wa pili, kitu kama kikombe kiliwekwa chini taratibu sana.

"Hata sinia hukunipa," alisema Bi Nasriya.

"Sinia si jibu, shangazi."

"Nimekulea kwa maziwa ya makopo, nimekuuguza surua, leo unanihukumia Kheiria!" Alisimama, akakung'uta kanga. "Na lipi hilo la kusema hawezi? Mie naweza. Nimelalamika miaka mitatu na sijachoka. Tena nisikilize. Wewe si wakili bado. Hukumu ya mtu asiyefaulu haimfungi mtu. Ukifaulu, nitaitazama."

Sleyum akaenda Bahrain. Bi Nasriya alibaki na shida ambayo hakumweleza mtu. Kila baada ya sala alinyanyua mikono kumwombea kijana afaulu, na kila akinyanyua macho baada ya dua alikuta anautazama mlizamu. Siku nyengine dua ilikuwa ndefu, siku nyengine fupi. Siku moja alijishika akiomba apate sitini tu, sitini kamili, pengine hukumu ya alama chache ingekuwa na nguvu chache. Akastaghfiru, akaanza upya, akaomba nyingi.

Barua ilikuja Januari. Sleyum aliifungua mbele yake, na Thabit alikuwepo, kwa kuwa alipenda kuwepo kwenye pole. Sleyum alimgeuzia shangazi yake karatasi, na yeye akaisoma mwenyewe kwa kidole, tarakimu mbili tu, sita na saba.

"Sitini na saba," alisema Bi Nasriya kwa sauti iliyofika nyumba tatu. "Si nilikwambia mie kwamba wana tarakimu nyingine?"

"Ni zile lozi," alisema Thabit. "Zinakawia, lakini zinafanya kazi."

Bi Nasriya alimshika Sleyum kichwa, akambusu kwenye paji la uso, akalia kidogo, akajifuta. Kisha akatoka uani. Sleyum alidhani kaenda kupika pilau. Alipomfuata alimkuta ameinama kibandani, amebeba figa la kwanza kifuani, anakwenda nalo upande wa pili wa ua, mchana kweupe, mlango wa mbele ameuacha wazi.

Bi Kheiria alikuwa amesimama darini, karibu na mlizamu wake, amejifunga kanga yake ya sikukuu.

"Usidhani!" Bi Nasriya alimwambia kutoka chini, na hilo ndilo neno la kwanza kwa miaka mitatu. "Upande huu moshi ulikuwa unanichoma macho. Nimechoka nao tu."

"Masalkheri, Bi Nasriya," alijibu Bi Kheiria.

Bi Nasriya aliliweka figa chini, akanyoosha mgongo, akakohoa kidogo kwa desturi. Yalibaki mafiga mawili. Sleyum akasogea kuinua la pili.

"Niachie," alisema Bi Nasriya. "Aliyeshindwa ni mie. Wewe nenda kavae kanzu safi, Wakili."