Shavu la Baba

Enzi zetu, sisi watoto wa Makunduchi tuliokua kwa taa ya kibatari, neno "kukosa" lilitutisha kuliko bakora. Ukikosa kudaka kete ya mdako, umekosa. Ukikosa herufi ya Kurani chuoni mbele ya mwalimu, umekosa. Ukipita mbele ya mkubwa bila ya shikamoo, umekosa. Neno lilikuwa moja na hukumu yake moja: taka radhi. Kijana wa leo akikosa, kosa ni la simu, au mtandao umegoma, au chaji imekwisha, na mama yake anamkubalia. Sisi hatukuwa na cha kusingizia. Tukikutana wa rika letu tunacheka na kuyasifu malezi yale. Mimi hucheka nao, lakini kusifu siwezi, maana neno hilo ndilo lililommaliza baba yangu.

Tulikuzwa kwa muhogo. Wa kuchemsha kwa dagaa, wa nazi, wa kuchoma majivuni mpaka ganda lipasuke na vidole vinuke moshi kutwa nzima. Nguruwe mwitu nao waliupenda vilevile, na wakiingia shambani hufukua hata wasichokitaka. Kwa hiyo kila msimu kulikuwa na msako. Wanaume na mbwa waliingia kichakani wakipiga madebe, na mwenye bunduki alisubiri upande wa pili, nguruwe atokee.

Mwenye bunduki alikuwa baba, Mzee Vuai. Ilikuwa bunduki ya marisau, risasi ndogondogo zinazotawanyika, aliyoiacha babu, mtu mwembamba, uso mifupa mitupu. Baba hakumchukua babu hata kidogo. Alimchukua bibi, kwa mashavu. Mashavu yaliyojaa, ambayo sisi watoto tulimfinya akilala, naye akijifanya hasikii. Nami nimeyarithi. Shuleni nilichapwa mara nyingi kwa kutafuna darasani, na mdomoni sina kitu.

Baba alikuwa akikosa. Nguruwe anapita waziwazi, bunduki inalia, majani yanaruka upande wa kushoto, mnyama anakwenda zake. Mwanzo watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Msimu mmoja nguruwe aliyekoswa alikimbilia shamba la Bi Mwaka, mjane mwenye watoto wadogo, akalimaliza lote. Jioni ile ami yangu Pandu, kaka mkubwa wa baba, alisimama uani kwetu mbele ya watu.

"Umekosa, Vuai," alisema. "Mtake radhi Bi Mwaka."

Na baba akataka radhi, kana kwamba ule muhogo kaula yeye.

Kutoka mkosaji mpaka mkosi si mbali. Jina likamganda: Mkosi. Watu wakawa hawapendi kukutana naye asubuhi wakiwa na safari. Posa zilipokwenda, hakuambiwa afuatane na wazee wenzake. Skuli nikaitwa binti Mkosi. Mama akamletea kombe kutoka kwa mwalimu, aya zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikaoshwa, baba akanywa. Akafukizwa, akasomewa. Bunduki yenyewe hakuna aliyeitazama.

Aliyeitazama ni Fundi Khamis, mchonga milango wa mjini, rafiki yake baba wa siku nyingi, alipokuja kututembelea. Alihakikisha haina kitu ndani, akamwambia baba afumbe macho, aiweke begani kama anavyoiweka msakoni, kisha afumbue. Fundi akainama mbele yake na kuutazama mtutu kwa urefu. Jicho la baba halikuwa juu ya mtutu. Shavu lilikuwa limelisukuma pembeni, kushoto.

"Kitako hichi kilichongwa kwa uso wa babako," Fundi akasema, akiugonga mti wa nyuma ya bunduki. "Umevaa kanzu ya mtu mwengine, Vuai. Jicho likikaa kushoto, na marisau yanakwenda kushoto."

Wakatundika shuka kuukuu ya mama kwenye uwanda, wakachora duara kwa mkaa. Mama alilalamika kwa ajili ya shuka ile mpaka wakasogea mbali. Fundi akamwambia baba asilenge, ainue tu na kupiga. Matundu yakakusanyika kushoto ya duara, mbali kama shubiri moja. Fundi akakaa kitako, akatwaa kigae cha chupa, akaukwangua ule ubavu wa mti shavu linapoegemea. Vumbi la mti likamwagika mapajani mwake, linanukia mafuta ya zamani. Baba akapiga tena, matundu yakasogea. Akakwangua tena. Wakaendelea hivyo mpaka duara la mkaa likatoweka lote. Baba alicheka siku ile, na mashavu yakafunga macho.

Furaha yenyewe haikulala. Ami Pandu alisikia, akaja na kuigeuzageuza ile bunduki.

"Bunduki ya marehemu mmeimenya kama muhogo," alisema. "Nshasema mie, mkono wenye mkosi usiiguse tena. Mkubwa ni mimi."

Enzi zetu mdogo hashindani na mkubwa. Akaichukua. Na Ami Pandu naye alikuwa mtoto wa bibi, mashavu yaleyale. Msako uliofuata nguruwe alitokea, ami akapiga, nguruwe akaanguka. Kijiji kizima kikasema: mnaona, bunduki haikuwa na kosa, mwenye kosa ni mtu. Baba alikuwa kichakani anapiga debe.

Nilimlilia baba awaambie watu habari ya kile kitako. Akanijibu, "Nguruwe kafa, mwanangu. Muhogo wa watu umesalimika. Nataka nini tena?"

Mimi nilitaka. Mpaka leo nataka. Baba amekufa akiwa Mkosi, na wazee wanaoelekezana makaburini bado wanasema, pita kaburi la Mkosi, kisha kata kulia.

Mwaka huu mjukuu wa Ami Pandu alinialika Kendwa, kwenye hoteli yake. Bunduki imetundikwa mapokezi, mtutu umezibwa kwa chuma, na ukuta wa pili ipo picha kubwa ya ami. Kijana anawahadithia wageni kuwa babu yake hakuwahi kukosa, na kwamba kile kibonde kwenye kitako ni shavu lake lililoula mti kwa miaka ya usasi. Zamani tulimsingizia mtu ili kitu kisafike. Siku hizi vijana wanasingizia vitu, nasi huwacheka, lakini laiti baba angezaliwa leo. Pengine mtu angesema mapema: hebu tuitazame kwanza hii bunduki.

Nikaomba kuishika. Nikaiweka begani, shavu likaingia kwenye kile kibonde kama limepimiwa. Nikafumba macho, nikafumbua. Mbele ya mtutu, katikati kabisa, alikuwa Ami Pandu anatabasamu pichani.

Kijana alikuwa keshatoa simu anipige picha. "Shangazi, unakosea," akaniambia kwa adabu. "Ishushe kidogo, uso hauonekani."

"Sikosei, mwanangu," nikamjibu. "Mtutu tu ndio umezibwa."