Gunzi Kwenye Mrija wa Lori

Harufu ya oili ya dizeli iliyoungua hunirudisha kijijini kwetu Kanyakine hadi leo, mbele ya lori letu la buluu. Wengine hukumbuka utoto kwa harufu ya mandazi. Mimi nilipewa lori, na sinung'uniki.

Baba alipofariki, mama alishika usukani mwenyewe akawa anapeleka ndizi Embu. Baba mdogo hakupendezwa. Alitaka lori liuzwe kama vyuma vikuukuu, na kila alipouona moshi mwembamba ukitoka kwenye mrija ambao injini hupumulia, alitikisa kichwa kama mtu aliye matangani. Mrija huo ulidondosha oili pia, hasa pale uani nyanya alipoanika maharagwe, na nyanya hakuwa mtu wa kuvumilia uchafu.

Likizo moja tulisafiri mama, baba mdogo na mimi, ndizi zimejaa nyuma. Kwenye mpando wa Nithi, kijiti cha kupimia oili kiliruka kutoka mahali pake, oili ikamwagikia injini yote na moshi ukatanda. Mama aliegesha kando, akaweka mawe nyuma ya magurudumu.

"Si nilikuambia, Mama Kendi? Hii lori imekufa," baba mdogo alisema. "Kesho naita watu wa vyuma."

"Kesho iko mbali. Wacha kwanza nione."

Niliogopa sana, maana karo, unga na hata viatu nilivyovaa vilitoka kwa lori lile. Mama alijifunga leso kiunoni, akangoja injini ipoe, kisha akaupapasa ule mrija hadi mwisho wake. Akachomoa gunzi la mahindi, limekazwa barabara, la aina ile ile nyanya aliyozibia vibuyu vyake vya uji.

"Ni nyanya yako huyu na maharagwe yake!" aliniambia, akaangua kicheko. "Na yeye ndiye hutuambia uji ukichacha, kibuyu kisikazwe!"

Uji uliochacha ukifungiwa hurusha kizibo. Injini yetu kuukuu nayo ilikosa pa kutolea moshi wake, ikaisukuma oili nje kwa nguvu.

Mama alirudisha kijiti, akajaza oili ya akiba, akawasha. Mrija ukatoa moshi kama kawaida. Baba mdogo alipanda, tukafika Embu na ndizi zikanunuliwa zote. Tuliporudi nyumbani, mama aliunga mpira mrefu kwenye mrija na kukinga kopo chini, maharagwe ya nyanya yakapona.

Lori lile lilinisomesha hadi nikamaliza. Sasa nina langu, na kuna jambo nimelielewa nikiwa nimeishika boneti yake. Kila asubuhi mama aliinamisha kichwa ndani ya injini kwa muda mrefu, hata siku zisizo na safari. Nilidhani anapima oili. Kumbe kupima oili ni kazi ya dakika moja tu. Angelia mbele ya baba mdogo, lori lingeuzwa kesho yake. Kwa hivyo alilia mle ndani, akajifuta uso kwa kitambaa cha oili, akafunga boneti na kwenda kazini. Nami kila mara nilimcheka kwa lile doa jeusi shavuni.