Yafunge Magurudumu Ungali Pakavu

Nakumbuka hadi leo, mwanangu, siku niliyopiga magoti kando ya mto kule Kitui, na gauni la mazishi mwilini, wanaume wakinitazama. Nakusimulia kwa sababu nimesikia unataka kuliuza lile gari lako la njia mbovu, eti majirani wa Tassia wanakucheka kwamba linakunywa mafuta na kwamba msichana hana kazi nalo.

Nilikuwa bado kijana, tukikaa mtaa wa Makongeni mjini. Mume wangu alikuwa na Landrova kuukuu, akibeba watu na mizigo yao hadi vijiji vya Ukambani ambako magari mengine hayafiki. Gari hilo ndilo lililotulisha. Kisha macho yake yakaingia ukungu, daktari akamkataza kuendesha. Ndugu yake hakungoja hata tulie. Alikuja, akanywa chai yangu, akasema, "Shemeji, hii gari si ya wanawake. Nipatie tu ufunguo."

Nilikataa. Kila Jumapili baada ya kanisa nikawa najifunza kuendesha, mume wangu kando yangu akisikiliza injini, maana masikio yake yalikuwa mazima. Shemeji alicheka sana. "Sawa. Siku mto itakushinda, utaniletea ufunguo mwenyewe." Nami kwa hasira nikakubali. Hasira hasara, lakini neno likishatoka limetoka.

Siku hiyo haikukawia. Dada ya mama mkwe wangu alifariki. Mume wangu akabaki na watoto, nami nikambeba mama mkwe, akina mama wa mtaani na sufuria za mazishi, tukaelekea Kitui. Shemeji alitangulia na gari lake dogo linalong'aa. Tulimkuta amekwama ukingoni mwa mto, hathubutu kuvuka, maana mvua ilikuwa imeulegeza mchanga wa mto. Wanaume walijaa hapo wakingoja kuona nitafanyaje.

Sasa, Landrova ile ya zamani, magurudumu ya mbele hayakuvuta mpaka ushuke, upige magoti, uyafunge kwa mkono kwa kuzungusha kitasa kilicho katikati ya kila gurudumu. Na ni lazima uyafunge pakavu, ukishazama, umechelewa. Nilijua vizuri sana. Lakini gauni lilikuwa jipya na macho yalikuwa mengi, nikaona haya. Nikashika gia nijitose hivyo hivyo.

Mama mkwe akanishika mkono. Hakupandisha sauti.

"Mama Mwende, hawa watu wamekuja mazishi ama wamekuja kuangalia nguo yako? Shuka."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilishuka, nikafunga upande huu, nikazunguka nikafunga na upande wa pili. Mtu akapiga mluzi. Acha apige. Nikatia gia nzito, nikaingia mtoni polepole bila kusimama, mchanga ukilivuta gari huku na huku, mpaka tukapanda ukingo wa pili. Hata siku ya harusi yangu sikufurahi hivyo!

Nikarudi kuwachukua waliobaki. Shemeji alipanda nyuma, akapakata sufuria ya wali. Habari ya ufunguo hakuitaja tena, na gari hilo likasomesha watoto wangu wote.

Basi usiliuze kwa sababu ya maneno ya watu. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ukichoka nalo mwenyewe, hiyo ni habari nyingine. Ila ukiamua kubaki nalo, lijue: ingia chini yake, chafuka, na kazi ngumu uifanye mapema, watu watazame wasitazame. Tahadhari kabla ya hatari. Na anayekupenda akikushika mkono kabla hujajitosa, msikilize hata kama maneno yake yanauma.

Mungu akutangulie njiani, mwanangu, akurudishe nyumbani salama, na akujalie watoto watakaogombania kiti cha mbele kando yako.