Ua Dume la Mgomba wa Ma Kokuteta

Mtanisamehe kwa mwandiko wangu na herufi nilizokosea. Niliishia darasa la saba, na kalamu yangu huenda polepole. Mdomo wangu ni mzito zaidi, ndiyo maana nimeona niandike. Nataka wadogo zangu wajue jinsi tulivyofanya kazi ya kutambua migomba.

Siku ya kwanza, kwenye shamba la mradi wa kuhifadhi aina za migomba huko Ijuganyondo, Msimamizi wa Shamba alinikabidhi kisu na utepe wa kupimia. Akaniuliza, "Huu mgomba gani?"

"Enshakala, ndizi yetu ya kupika."

"Umejuaje?"

Nikanyoosha kidole kwenye mkungu. Akacheka. "Hapa tunatazama kwanza, jina baadaye."

Akanifundisha. Jenasi ni kama ukoo, na spishi ni kama nyumba moja ndani ya ukoo. Migomba yetu yote ni jenasi ya Musa. Chini yake ndipo zinakuja aina tunazozijua wakulima, na kuzitofautisha ndiyo kazi yenyewe. Unatazama madoa ya gogo, mfereji wa kikonyo cha jani, na zaidi ya vyote ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu. Unalifungua ganda kwa ganda na kuandika rangi ya ndani. Mawe! nikashangaa. Nyumbani tulikuwa tunalikata na kulitupa tu.

Baadaye nilipelekwa Kimwani, Muleba, pamoja na Mtaalamu Mkuu wa mradi. Mjane mmoja, Ma Kokuteta, alikuwa na shina moja la migomba aliloachiwa na mama mkwe wake. Majirani walisema ni Enshakala tu. Yeye alikataa. Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeshaingia kibanja cha jirani, na shamba letu la mradi lilipokea tu aina tusizokuwa nazo. Tukiamua ni Enshakala tutaiacha, na ikiugua basi imekwisha.

Tukatafuta ua dume. Halipo! Ma Kokuteta alikuwa amelivunja kwa kijiti cha panda, kama mabwana shamba walivyofundisha, ili nyuki wasilete mnyauko.

"Mgomba wa pili wa shina hilo unakaribia kuzaa," akasema Mtaalamu, akimbembeleza kwa Kihaya. "Tuachie ua lake, waitu."

"Niwaachie nyuki? Mwakani mimi nitakula nini?"

"Tutalifunika."

"Kwa kitu gani? Kwa hiyo kofia yako?"

Mtaalamu alicheka hadi akakaa chini. Tukakata chandarua kipya, tukashona mfuko, tukalifunga ua mara lilipochungulia. Kila asubuhi nililikagua kama anayengoja matokeo ya mtihani.

Siku ya kulifungua, Mtaalamu alinipa kisu mimi. Nikageuza ganda la kwanza: ndani limepauka! La pili, vilevile. Picha za Enshakala zetu zote zilionyesha wekundu ndani. Tukatazama gogo, tukatazama ncha za ndizi. Havikufanana na vya Enshakala.

"Hii hatuna!" akasema Mtaalamu. Nikapiga kelele, mimi nisiyesikika hata kanisani.

"Tuiandike jina gani, Ma?" akauliza Mtaalamu.

"Kemilembe. Ndiye mama mkwe wangu."

"Alikupenda sana, eeh?"

"Alinichukia, waitu. Lakini chipukizi alinipa."

Tulichukua chipukizi, na sasa Kemilembe anaota Ijuganyondo. Mkataba wangu umeisha, nimestaafu kabla ya mvi, na bado siwezi kupita kibanja cha mtu bila kuinama chini ya mikungu. Kama kwenu upo mgomba ambao majirani hawakubali kuwa ni aina yake peke yake, niandikie. Niambie mnauitaje, na nani aliyewapa.