Mawese Kwenye Kitambaa cha Kichwa

Niliwahi kuchuja mafuta ya mawese kwa sanda ya mama yangu. Mama yuko hai. Nasema mapema ili msomaji asinipe pole ya bure.

Mafuta ya mama yalijulikana hapa Rumonge kwa mambo mawili: utamu na takataka. Dada yangu aliyeolewa Bujumbura alipiga simu kulalamika kwamba mgeni wake amekwamiwa na unyuzi wa chikichi kwenye meno. Mama akamjibu kuwa mgeni anayechokonoa meno mbele za watu hana adabu, akakata simu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo niliona hilo ni tatizo langu.

Nyuma ya nyumba tuna michikichi michache. Matunda tunayachemsha kwenye pipa, tunayakamua kwa mashine ya mkono ya jirani, kisha tunachemsha tena na kuengua mafuta juu ya maji. Mama huyachuja kwa kikapu, kama mama yake alivyofanya, na nyuzi hupita zikitaka.

Asubuhi moja alikwenda Magara kununua ndagala, dagaa wa ziwa letu, nami nikajenga chujio langu. Nilikata bidoni mbili, yale madumu ya plastiki, nikatoboa kitako cha moja kwa msumari wa moto, nikaipachika juu ya nyingine. Ringi ya baiskeli yangu ya zamani ikawa ya kukaza kitambaa kisilegee. Kwanza nilitumia chandarua. Nyuzi zikapita bila hata kupiga hodi. Nikajaribu sponji ya kiti. Sponji ikanywa lita nzima na haikurudisha kitu. Nilihitaji kitambaa cha pamba kilichofumwa vizuri, na mafuta yalikuwa yanapoa. Yakipoa yanaganda, na kazi inaanza upya.

Katika sanduku la mama, chini ya vitenge, nilikuta vitambaa vyeupe vipya vimekunjwa. Vilinukia kafuri, lakini mama huweka kafuri kila mahali. Nilipokuwa mdogo aliiweka hata kwenye mkoba wangu wa shule. Vilikuwa vitano. Nikajiambia mwenye vitano hakosi kimoja cha kumpa mwanawe. Nikachukua kidogo kuliko vyote, nikakifunga kwenye ringi kwa waya.

Mafuta, lazima niseme, yalitoka safi. Mekundu, yanapitisha mwanga, hayana hata unyuzi mmoja. Niliyatazama kama mtu aliyeyazaa.

Mama alirudi adhuhuri na kapu lake kichwani. Aliangalia mafuta, akaangalia kitambaa, akatua kapu polepole.

"Papa," ndivyo anavyoniita mimi mwanawe, "hiyo kitambaa umetoa wapi?"

"Mu sanduku yako, mama. Zingine nne ziko."

"Hiyo njo ya kichwa," akasema.

Nikauliza ndiyo ya kichwa kipi. Akanieleza kwa sauti anayoulizia bei ya chumvi. "Ni sanda yangu, papa. Jirani aliniletea toka Makka, aliichovya mu maji ya Zamzam. Mwanamuke anazikwa na vitambaa tano, na hiyo njo inafunika kichwa. Sasa mimi nitaenda kwa Mungu kichwa wazi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Ardhi ilikataa.

"Akili nyingi huondoa maarifa," akaongeza, akaenda kuanika ndagala zake.

Nilikifua kwa sabuni, kwa maji ya majivu, kwa ndimu. Nilikianika kwenye mchanga wa ziwa siku tatu, nikikaa kando yake kufukuza mbuzi. Kutoka wekundu kilifika rangi ya kiini cha yai, kikagoma hapo. Nilikwenda kwa shehe. Akasema weupe ni sunna, la muhimu kitambaa kiwe safi, kisha akauliza kama mafuta yalikuwa mazuri. Nikanunua kipande kipya, nikampelekea mama. Alikipapasa kwa vidole.

"Hii haijafika Makka."

"Hata mimi sijafika, mama."

"Njo maana ulifanya vile."

Hapo nikashindwa. Nilimwambia kuwa naogopa aje azikwe na kosa langu. Mama hajawahi kujinunulia kiti, wala viatu vya sikukuu kabla sisi hatujapata vyetu. Kitu pekee alichojiwekea duniani ni vile vitambaa vitano, na mimi nimeharibu kimoja kwa ajili ya meno ya mgeni wa dada. Nililia, mtu mzima mwenye diploma, nimeshika bidoni.

Mama alichukua kitambaa chenye doa, akakikunja, akakiweka juu ya vile vinne.

"Nitavaa hii hii. Malaika wakiuliza natoka wapi, wataona wenyewe natoka Rumonge." Kile kipya akanirudishia. "Hiyo, chujia mafuta."

Nakichujia hadi leo. Dada hajalalamika tena.

Lakini iko siku wanawake watajifungia kumwosha mama, nami nitakuwa nje kwenye jamvi na wanaume. Watafungua sanduku, wataona kitambaa cha kichwa kina doa la mawese, na mmoja atauliza kwa sauti ni nani aliyefanya hivi. Nitajibu kutoka nje kuwa ni mimi. Jibu hilo nalifanyia mazoezi kila msimu wa mawese, na namwomba Mungu nizeeke nikilifanyia mazoezi.